Mzinga wa ratili 2 ulikuwa takataka kweli, na kwa nini Mwingereza hakuwa na "88" yake?

SWALI: Marehemu babu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles). Alipigana Abisinia mwaka 1941, kisha akapelekwa Bama (Burma). Alikuwa akitusimulia kwamba mzinga mdogo wa Waingereza wa kupiga vifaru haukuwa na faida yoyote, risasi zake zilikuwa zikidunda tu, na kwamba Mjerumani alikuwa na mzinga wa milimita 88 uliomaliza kila kilichokuja mbele yake. Nimesoma kwamba Waingereza nao walikuwa na mzinga mkubwa wa kutungulia ndege, wenye nguvu kama huo au zaidi, lakini ukaidi wa majenerali ukauzuia usitumike kwa vifaru. Ni kweli? Inakuwaje jeshi kubwa namna ile liingie vitani na silaha dhaifu? Na la pili: nyumbani tuna ganda la shaba pamoja na chuma kizito chenye ncha, unene wake kama vidole vitatu, ambavyo babu alirudi navyo. Watoto hukichezea hicho chuma. Kina hatari?

JIBU: Ndugu yangu, naanza na la mwisho kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Waondoe watoto leo hii. Usikiguse tena hicho chuma, usikihamishe kwenda stoo, usikioshe wala kukikwangua kutafuta maandishi, na usikubali mtu akipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu au kwa fundi wa kuchomelea. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe au piga 112, eleza kwamba nyumbani kuna kitu kinachoweza kuwa risasi ya mzinga ya vita vya zamani, na uombe wataalamu wa mabomu waje wakikague hapohapo kilipo. Wewe usikibebe kwenda kituoni.

Sababu ni hii. Risasi za kutobolea vifaru zilikuwa za namna mbili. Moja ilikuwa chuma kitupu kigumu, hakina kitu ndani isipokuwa unga wa kutoa mwanga kwenye kitako, ili mpigaji aione ikienda. Risasi ya kawaida ya Kiingereza ya mzinga wa ratili 2, ule mdogo aliousema babu (ratili ni uzito wa risasi yake), ilikuwa hivyo. Namna ya pili ilikuwa na tundu kwa nyuma lililojazwa kilipuzi, na fataki yake ikafungwa kitakoni, ili ikishapenya iende kulipukia ndani ya kifaru. Waitaliano kwenye mzinga wao wa milimita 47 walikuwa na risasi za namna hii, na Wajapani vilevile. Babu yako alipigana na hao wote wawili. Ukubwa wa vitu hivyo unakaribiana, vyote vina ncha, na baada ya miaka 80 ya kutu hakuna mtu wa kuvitofautisha kwa picha, mimi nikiwamo. Muda nao haupoozi kilipuzi, na fataki iliyochakaa inaweza kuwa na hasira kuliko ilivyokuwa mpya. Kuhusu ganda la shaba, kama ni tupu na kitakoni pana alama ya kugongwa, kwa kawaida halina tatizo, lakini waonyeshe pia. Waambie tangu mwanzo kwamba ni kumbukumbu ya marehemu na ungependa kubaki nayo kama ni salama.

Sasa tuje kwa babu. Alisema kweli, ila kweli ile haikutoka Abisinia wala Bama. Vikosi vya Keya vilivyotoka Kenya mwanzoni mwa 1941 chini ya Jenerali Alan Cunningham, vikaingia Mogadishu Februari na Addis Ababa tarehe 6 Aprili, havikukutana na kifaru cha Kijerumani hata kimoja. Waitaliano huko walikuwa na vifaru vidogo vya watu wawili vyenye bamba lisilozidi milimita 14 au 15, na vichache vya kati, M11/39, vyenye milimita 30 mbele. Huko Bama, Wajapani walikuwa na kifaru chepesi cha Aina ya 95 ambacho deraya yake nene kabisa ilikuwa milimita 12. Mzinga wa ratili 2 ulikuwa na uwezo wa kutoboa zaidi ya milimita 50 kwa mita 500 hivi. Kwa vifaru kama hivyo ulikuwa umezidi kipimo. Tarehe 18 Januari 1942, Bakri huko Malaya, mizinga miwili tu ya aina hii mikononi mwa Waaustralia iliteketeza vifaru tisa vya Kijapani barabarani.

Kwa hiyo malalamiko aliyoyabeba babu yalikuwa ya jangwa la Libya na Misri. Askari walikutana kambini, melini na hospitalini, wengine kutoka Afrika Mashariki wakiwa wametumikia Mashariki ya Kati katika vikosi vya kazi, na habari za kule zilisafiri haraka. Silaha ileile iliyokuwa tishio mbele ya Mjapani ilikuwa ikiwaua wapigaji wake mbele ya Mjerumani. Ukilishika hilo, nusu ya swali lako imejibiwa, kwa sababu mzinga wa kupiga vifaru hauna ubora wake peke yake. Ubora wake hupimwa kwa bamba la adui, kwa mwezi na kwa mwaka.

Bamba la chuma hutobolewa kwa nishati iliyobanwa mahali padogo. Nishati ya risasi hukua sawasawa na uzito wake, lakini kwa mwendo hukua kwa mraba: ukizidisha uzito mara mbili, nishati huongezeka mara mbili; ukizidisha mwendo mara mbili, huongezeka mara nne. Ndiyo maana mizinga hii yote ina mitutu mirefu na baruti nyingi kuliko mzinga wa kawaida wa unene uleule. Risasi ya ratili 2 ilikuwa na unene wa milimita 40, uzito wa kilo 1 na kidogo, na ilitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 790 hivi kwa sekunde. Mzinga wa Kijerumani wa milimita 37, Pak 36, ulirusha risasi ya gramu 680 hivi kwa mwendo mdogo kidogo kuliko huo. Kwa nishati, mzinga wa Kiingereza ulikuwa mbele kwa zaidi ya nusu. Watu wengi hawalijui hili: vita vilipoanza Septemba 1939, Mwingereza ndiye aliyekuwa na mzinga bora wa kupiga vifaru kuliko Mjerumani.

Na Mjerumani alilipia. Mei 1940 huko Ufaransa, Pak 36 ilikutana na kifaru cha Matilda cha Kiingereza chenye bamba la milimita 78 mbele, na Char B1 ya Kifaransa. Tarehe 16 Mei, katika kijiji cha Stonne, kifaru kimoja cha B1 kilichoongozwa na Kapteni Pierre Billotte kilipigwa mara 140, kikaingia kijijini, kikavunja vifaru 13 vya Kijerumani, kikarudi bila kutobolewa. Askari wa Kijerumani wenyewe waliuita mzinga wao kibisha hodi. Siku tano baadaye, karibu na Arras, Matilda ziliivuka mistari ya Pak 36 kama hazipo, na Rommel, kamanda wa Kijerumani, akalazimika kuzisimamisha kwa mizinga ya kawaida na ile ya kutungulia ndege ya milimita 88. Hapo ndipo 88 ilipojijengea jina mbele ya Mwingereza, ingawa Wajerumani walikwisha kuijaribu kwa malengo ya ardhini huko Hispania.

Tofauti ya majeshi hayo mawili ilianza baada ya hapo. Mjerumani alikuwa na mzinga wa milimita 50, Pak 38, uliokuwa tayari katika matengenezo, akauingiza vitani mwaka 1941. Mwingereza naye alikuwa na mrithi mezani: mzinga wa ratili 6, wa milimita 57, ambao usanifu wake ulianza 1938. Nishati yake ilikuwa karibu mara tatu ya ule wa ratili 2. Basi kwa nini haukutoka?

Kwa sababu ya Dunkirk, bandari ya Ufaransa. Jeshi lililookolewa pale Juni 1940 liliacha Ufaransa mamia ya mizinga ya ratili 2, sehemu kubwa ya yote iliyokuwapo. Uingereza ilikuwa ikingoja kuvamiwa wakati wowote, na askari waliorudi hawakuwa na kitu mikononi. Viwanda vilikuwa na mashine, vipimo na mafundi waliozoea mzinga wa zamani. Kuvigeuza vitengeneze mpya kungemaanisha miezi ya ukame, na kila mzinga mmoja wa ratili 6 ungegharimu kadhaa ya ratili 2. Wakaamua kuendelea na wa zamani. Mimi siwalaumu kwa uamuzi wa Juni 1940. Mtu aliye na adui ng'ambo ya mlango wa bahari hachagui silaha ya mwaka kesho. Ninachowalaumu ni kuuachia uamuzi ule wa dharura udumu. Hofu ya uvamizi ilikwisha kupungua kufikia masika ya 1941, lakini mizinga ya ratili 6 haikuanza kutoka viwandani kwa wingi hadi Novemba mwaka huo, na jangwani ilipigana kwa mara ya kwanza Gazala, Libya, Mei 1942. Katikati ya tarehe hizo mbili wamelala watu wengi.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wanaongeza bamba. Vifaru vyao vya Panzer III, zile za awali zilizofika Libya, zilikuwa na milimita 30 mbele, na hizo mzinga wa ratili 2 uliziweza. Kisha wakafunga bamba la pili la milimita 30 juu ya la kwanza, na matoleo yaliyofuata yakaja na milimita 50. Milimita zenyewe hazikuwa tatizo lote. Bamba hili lilikuwa limekaushwa uso kwa moto ili ngozi ya nje iwe ngumu mno huku ndani likibaki laini. Risasi ya Kiingereza yenye ncha tupu ilipolifikia kwa mwendo mkubwa, ilipasukapasuka yenyewe kabla ya kupenya. Kwenye majedwali ilipaswa kutoboa, uwanjani ilivunjika. Hizi ndizo risasi "zilizodunda" katika hadithi ya babu. Dawa yake ilikuwa kuivika ncha kofia ya chuma laini inayopokea pigo la kwanza na kuipa ncha nafasi ya kushika. Wajerumani walikuwa nayo mapema. Risasi ya Kiingereza ya ratili 2 yenye kofia ilikuja kupatikana mwaka 1942, wakati mzinga wenyewe umeshaanza kustaafishwa.

Wapigaji walifanya nini miezi yote hiyo? Waliungoja kifaru kisogee. Badala ya kupiga kwa mita 800 au 1,000, walikaa kimya hadi mita 300 au 200, wakilenga ubavu, minyororo na mahali mnara wa mzinga unapokutana na mwili wa kifaru. Jangwani, kwa sababu ya umbali na kuhamahama, mizinga mingi ilipakiwa juu ya malori na kupigwa humo humo. Ilikwenda haraka, lakini fikiria mwenyewe urefu wa lori katika nchi isiyo na kichaka. Tarehe 21 Novemba 1941 huko Sidi Rezegh, Luteni George Ward Gunn wa kikosi cha mizinga cha Royal Horse Artillery aliona mizinga ya kundi lake ikinyamazishwa mmoja baada ya mwingine na vifaru vya Kijerumani vipatavyo 60. Mmoja ulipobaki, lori lake likiwaka moto na wapigaji wakiwa wamekufa au kujeruhiwa, alipanda akaupiga yeye mwenyewe huku mwenzake akipambana na moto. Waliviwasha vifaru viwili na kupiga vingine kabla hajauawa. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, akiwa kaburini. Ukisikia mtu anauita mzinga ule takataka, mkumbushe kwamba waliokuwa nyuma yake hawakuuacha.

Kosa ambalo ni vigumu kulisamehe liko kwingine, na wasomaji wengi hulipita. Mzinga wa ratili 2, uwe wa magurudumu au ule uliofungwa ndani ya vifaru vya Kiingereza, haukupewa jangwani risasi za mlipuko. Ulikuwa na chuma kitupu tu. Sasa weka akilini mzinga wa Kijerumani uliofukiwa mchangani, wapigaji sita au zaidi wameinama nyuma yake. Risasi ya chuma kitupu lazima iugonge mzinga wenyewe au mtu mwenyewe. Ikikosa kwa mita moja, imechimba mchanga. Kombora la mlipuko linaweza kuanguka kando na bado likawamaliza watu. Vifaru vya Kiingereza, kwa kukosa kombora hilo, vililazimika kuisogelea mizinga ya Kijerumani hadi umbali wa bunduki za rashasha, na njia yote hiyo vilikuwa vinapigwa. Hii ndiyo siri ya 88 kuliko milimita zake.

Kwa maana 88 yenyewe haikuwa silaha ya kujificha. Ilikuwa na uzito wa tani 7 na zaidi ikiwa barabarani, na hata ikishushwa magurudumu ilisimama kimo cha mtu mrefu. Betri moja ya mizinga ya kawaida, ikipewa mahali ilipo na dakika chache, ingeinyamazisha. Nguvu yake haina ubishi: risasi ya kilo 9 au 10, mwendo wa mita 800 kwa sekunde, nishati karibu mara kumi ya ratili 2, na bamba la milimita 100 hivi kwa mita 1,000. Lakini kilichoua ni namna ilivyotumiwa. Juni 1941 katika njia ya Halfaya, mpakani mwa Misri na Libya, Wajerumani waliifukia mashimoni hadi mitutu ikawa karibu kugusa ardhi. Kamanda wa pale, Kapteni Wilhelm Bach, alikuwa mchungaji wa kanisa kabla ya vita. Asubuhi ya tarehe 15 Matilda zilipanda kilima kwa kujiamini, maana mizinga mingi ya adui ilishindwa kuzitoboa, na sehemu kubwa ya zile zilizotangulia hazikushuka tena.

Baada ya hapo Rommel aliugeuza mpango kuwa mazoea. Vifaru vyake vilijionyesha, vikapigana kidogo, vikarudi nyuma kana kwamba vimeshindwa, na Waingereza, ambao vikosi vyao vingi vya vifaru vilitokana na vikosi vya farasi, wakafukuza moja kwa moja hadi kwenye mstari wa mizinga iliyofichwa. Katika mstari huo mizinga mingi ilikuwa Pak 38, mifupi kwa kimo, isiyoonekana, inayotoa moshi kidogo. Mtu aliyetoka kwenye kifaru kinachowaka hakuwa na namna ya kujua kapigwa na nini. Alisema "88", na mwenzake akasema "88", jina likakua. Sehemu kubwa ya sifa ile ni ya Pak 38, na kuanzia 1942 ni ya mizinga ya Kirusi ya milimita 76.2 iliyotekwa mashariki, ikarekebishwa na kuletwa Afrika.

Hapo tunafika kwenye swali lako la majenerali wakaidi. Mzinga wa Kiingereza wa kutungulia ndege wa inchi 3.7, sawa na milimita 94, ulikuwapo kweli, na kombora lake lilikuwa zito kuliko la 88 kwa mwendo unaokaribiana. Kwa karatasi, ungetoboa chochote mwaka 1941. Ila ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 9, na kuutoa mahali kwa haraka ilikuwa kazi ngumu. Ulisanifiwa kupiga ndege kwa hesabu zinazotoka kwenye kifaa cha mbali: wapigaji walifuata mishale kwenye vipimo vyao bila kumtazama adui, na hapakuwa na kioo cha kulengea kitu cha ardhini ana kwa ana. Kigari chake kiliumia ukipiga mtutu ukiwa umelala kwa muda mrefu. Kubwa zaidi, haikuwa mingi. London, Coventry na Liverpool zilikuwa zinaungua, na Mashariki ya Kati ile michache iliyokuwapo ililinda bandari za Alexandria na Tobruk na Mfereji wa Suez. Mjerumani yeye alikwisha kuamua kabla ya vita kwamba 88 itakwenda na jeshi la mbele, akaipa vioo vya kulengea na risasi za kutoboa.

Je, ingewezekana? Ndiyo, kwa kiasi. Tobruk ilipoanguka Juni 1942, baadhi ya mizinga hii ilielekezwa kwa vifaru na ikavipiga. Maoni yangu ni kwamba makumi machache ya mizinga ya inchi 3.7, iliyopewa vioo na wapigaji waliofundishwa, ingeokoa maisha ya wengi mwaka 1941. Lakini sikubali kwamba ndiyo ingegeuza vita. Waingereza walikuwa na dawa iliyo karibu zaidi, mizinga yao ya kawaida ya ratili 25, bora kabisa ya wakati huo, na badala ya kuipanga pamoja inyeshe makombora juu ya mistari ya 88, waliitawanya ili izuie vifaru kwa kulenga moja kwa moja, kwa sababu mzinga wa ratili 2 hautoshi. Silaha moja dhaifu ikaidhoofisha nyingine iliyokuwa imara. Mambo yalianza kubadilika vifaru vya Grant vya Kimarekani vilipofika na mzinga wa milimita 75 wenye risasi za mlipuko, na mzinga wa ratili 6 ukawarudishia mizinga ya ratili 25 kazi yake halisi.

Nataka ujue pia kilichotokea Waingereza walipopata silaha inayofaa, kwa sababu hadithi za 88 huwa zinaishia mapema. Usiku wa tarehe 26 Oktoba 1942, katikati ya vita vya El Alamein, batalioni ya 2 ya Rifle Brigade chini ya Luteni Kanali Victor Turner ilipelekwa kushika bonde dogo lililopewa jina la Snipe. Walikuwa na mizinga 19 ya ratili 6, mingine ikiwa ya wapigaji wa Royal Artillery, na watu wasiofika 300. Kulipopambazuka wakajikuta wamezungukwa na vifaru vya Kijerumani na vya Kiitaliano pande karibu zote. Mzinga wa ratili 6 ulikuwa mfupi kiasi cha kuzama kwenye mchanga na vichaka, na hilo liliwaokoa. Walipigana kutwa nzima, risasi zikiletwa kwa kutambaa kutoka mzinga uliokufa kwenda ulio hai. Wakati mmoja, upande wa kusini-magharibi ulibaki na mzinga mmoja wa Sajenti Charles Calistan na risasi chache mno. Turner mwenyewe akawa anapakia, akajeruhiwa kichwani, na vifaru vya Kiitaliano vilivyokuwa vinakuja vikasimama vikiwaka. Baadaye kamati ilikwenda uwanjani kuhesabu mabaki. Ikakubali vifaru 32 kwa uchache. Turner alipata Msalaba wa Victoria.

Halafu Medenine, Tunisia, tarehe 6 Machi 1943. Siri za redio za Kijerumani zilikuwa zimesomwa, Montgomery, kamanda wa Waingereza, akajua Rommel anakuja na wapi. Mizinga mia kadhaa ya kupiga vifaru ilifukiwa, na tofauti na zamani haikupangwa kuwalinda askari wa miguu mbele yao bali kuua vifaru vikija kwa ubavu. Ikaamriwa isipige hadi vikaribie. Wajerumani walipoteza vifaru 50 hivi siku ile, karibu theluthi ya walivyoleta, bila kuvunja mstari. Siku tatu baadaye Rommel aliondoka Afrika, hakurudi. Kanuni alizowafundisha Waingereza kwa damu zilikuwa zimemrudia zote: jifiche, subiri, piga ubavuni, na nyuma yako kuwe na mizinga mikubwa ya kunyesha milipuko.

Yaliyofuata nayapita haraka. Mizinga ilizidi kukua kwa sababu bamba lilizidi kukua. Kutoka kilo 800 za ratili 2 hadi tani 1.1 za ratili 6, kisha tani 3 za ratili 17 iliyopelekwa Tunisia ikiwa imefungwa kwenye vigari vya kuazima ili kuikabili Tiger, kifaru kizito cha Kijerumani. Mzinga ambao watu wanne au watano waliweza kuusukuma ukawa hauondoki bila trekta, na mzinga usioondoka hugeuka kaburi la wapigaji wake. Mwaka 1944 Waingereza walipata njia ya kuurudishia uhai ule wa ratili 6: kiini chembamba cha tangisteni kilichovikwa gamba jepesi, gamba likaachwa hewani mara tu baada ya mtutu, na kiini kikafika kwa mwendo wa mita 1,200 hivi kwa sekunde. Ni kanuni ileile ya mraba wa mwendo niliyokueleza. Lakini wakati huohuo askari wa miguu walikwisha kupewa silaha za begani za aina nyingine, bazuka ya Kimarekani, Panzerfaust ya Kijerumani, PIAT ya Kiingereza, ambazo hutoboa kwa mlipuko uliokusanywa kwa umbo la faneli na hazihitaji mwendo kabisa. Majeshi mengi ya magharibi yaliiacha mizinga hii baada ya vita. Warusi hawakuiacha, mzinga wao wa milimita 100, MT-12, bado unapigwa Ukraine hadi miaka hii.

Kuhusu babu mwenyewe, kuna kazi ambayo mimi siwezi kuifanya kutoka hapa na wewe unaweza. Tafuta cheti chake cha kuachishwa jeshi, au hata barua yoyote yenye namba yake ya jeshi na batalioni. Ukishapata batalioni, daftari za kila siku za vikosi vya Keya zimehifadhiwa katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London: za Afrika Mashariki na Abisinia katika mfululizo wa WO 169, na za Bama katika WO 172. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Nairobi ina majalada ya utawala ya enzi hiyo, na wahudumu wake huwasaidia watu wanaofika wenyewe kuliko wanaoandika. Kama alikuwa katika Divisheni ya 11 iliyoshuka bonde la Kabaw hadi Kalewa mwaka 1944, utasoma siku kwa siku mvua aliyotembea nayo. Inawezekana pia utakuta mizinga ya kupiga vifaru ikitumiwa kwa kazi nyingine kabisa, maana Bama vifaru vya adui vilikuwa vichache, na wapigaji waliivuta mizinga yao porini kupenyeza risasi kwenye matundu ya mahandaki ya Kijapani yaliyojengwa kwa magogo. Waulize wazee wa ukoo kama aliwahi kulitaja hilo. Na wataalamu wa mabomu wakishakuambia hicho chuma ni cha nani, Mwingereza, Mwitaliano au Mjapani, niandikie, kwa sababu jibu lao litatuambia alikiokota Abisinia au Bama.